Upana Kabla ya Urefu: Namna Ninavyochagua Ubao wa Theluji

Mtu akitaka kununua snoubodi, yaani ubao wa kuteleza kwenye theluji ukiwa umesimama, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Kimo changu ni hiki, nichukue ubao wa ngapi?" Swali linaeleweka, maana namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ubao ni urefu wake kwa sentimita: 152, 156, 161. Lakini theluji haihisi kimo. Inachohisi ni uzito unaoshuka kupitia nyayo mbili, na mahali nyayo hizo zilipokaa kati ya kingo mbili za chuma. Ndiyo maana nikiulizwa, humrudishia mwulizaji maswali mawili kabla ya kumjibu: una kilo ngapi, na wayo wako una sentimita ngapi?

Jambo hili nalisimamia kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona watu wakiuacha mchezo huu wakiamini hawana kipaji, kumbe walipewa ubao usio wao. Kijana mmoja niliyekuwa nikiteleza naye alianguka kila alipoegemea upande wa vidole. Akaambiwa akunje magoti zaidi. Alipokunja zaidi, akaanguka vibaya zaidi. Tulipougeuza ubao na kuutazama kwa chini, jibu lilikuwa wazi: ncha za mabuti yake zilitokeza nje kiasi kwamba ziligusa theluji kabla ukingo haujashika. Hakuna mafunzo yanayoweza kuliondoa tatizo hilo. Linaondolewa na ubao mwingine.

Basi tuanze na mabuti, ingawa umekuja kutafuta ubao. Simama bila viatu, kisigino kikigusa ukuta, uzito wako ukiwa juu ya mguu huo, kisha pima kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi haifanani, na ule mrefu ndio utakaoamua. Sentimita utakazopata ndizo saizi yako ya mondo: wayo wa sentimita 27.5 ni mondo 27.5. Mfumo huo ninauamini kuliko namba za Marekani au Ulaya, ambazo kila mtengenezaji huzipanga kivyake. Ndani ya buti linalokutosha, ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo. Ukikunja magoti vinarudi nyuma, na kisigino hakinyanyuki. Wengi wakihisi vidole vikigusa hukimbilia saizi ya juu. Baada ya muda sponji ya ndani inabonyea na mguu unaanza kucheza humo ndani. Hasara haiishii hapo: buti kubwa lina soli ndefu, soli ndefu inadai ubao mpana, na ubao mpana kupita mahitaji yako unakuwa mvivu kugeuka. Kosa la nusu saizi dukani linakufuata mpaka mlimani.

Sasa upana wenyewe. Katika jedwali la vipimo vya kila modeli kuna namba ya kiuno, yaani sehemu nyembamba kuliko zote, katikati ya ubao. Mbao za kawaida za wanaume huwa na kiuno cha sentimita 25 na ushei. Kikifika 26 na kuendelea, ubao huhesabiwa kuwa mpana, na watengenezaji wengi huongeza W baada ya urefu, kwa mfano 158W. Mbao zinazouzwa kama za wanawake kwa kawaida huwa na kiuno cha 23 hadi 24 na nusu hivi. Watu huisoma namba hiyo, wakailinganisha na mguu wao, na hapo hesabu inapotoka, kwa maana hakuna anayesimama kiunoni. Unasimama kwenye matundu ya skrubu za baindingi, yaani vifungo vinavyoshika mabuti kwenye ubao, mguu mmoja huku na mwingine kule, na pale ubao umeshaanza kupanuka.

Umepanuka kiasi gani? Hilo unaweza kulikokotoa mwenyewe. Ubavu wa ubao umebonyea kwa mkunjo wa duara, na jedwali hutaja nusu kipenyo cha duara hilo; tuseme ni mita 8, ambazo ni sentimita 800. Miguu yako ikiachana sentimita 54, kila mmoja uko sentimita 27 kutoka katikati. Zidisha 27 kwa 27, kisha gawa kwa mara mbili ya 800. Unapata karibu sentimita 0.46 kwa kila upande, yaani 0.9 kwa jumla. Ubao wenye kiuno cha 25.5 unakupa basi 26.4 chini ya mguu. Ukiibana miguu mpaka sentimita 50, nyongeza inashuka hadi kama 0.8, ukiitanua mpaka 60, inapanda hadi 1.1. Mbao nyingi za leo huchanganya mikunjo zaidi ya mmoja, kwa hiyo rula ukiiweka juu ya ubao wenyewe ndiyo yenye neno la mwisho. Hata hivyo hesabu hii inakufikisha karibu sana, na inafaa hasa unapotazama mbao mtandaoni ambazo huwezi kuzishika.

Kanuni yangu ni kwamba wayo mtupu, ukiwekwa juu ya matundu kwa pembe utakayoitumia, ufike kwenye kingo zote mbili, au uzidi kwa nusu sentimita hivi kila upande. Pembe ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wayo wa sentimita 28 uliogeuzwa nyuzi 15 unachukua takriban 27 za upana wa ubao. Ukiwekwa kwa nyuzi 0, yaani ukikatiza ubao moja kwa moja, unazichukua 28 zote. Kwa hiyo watu wawili wenye nyayo sawa, mmoja akigeuza miguu yote miwili nje kwa nyuzi 15 na mwenzake akiuweka mguu wa nyuma nyuzi 0, hawahitaji kiuno kimoja. Muuzaji asiyekuuliza pembe zako bado hajajua akuuzie nini.

Buti nalo ni refu kuliko wayo, mara nyingi kwa sentimita 2 hadi 3. Kutokeza kidogo ni lazima, kwa sababu ndiko kunakokupa wenzo wa kuukandamiza ukingo. Kinachotakiwa ni kujua mpaka. Tuseme soli ya buti iko sentimita 2.5 juu ya uso wa chini wa ubao. Ikitokeza sentimita 1.75, utaweza kuulaza ubao hadi kama nyuzi 55 kabla buti halijagusa theluji ngumu. Ikitokeza 2.75, utafika nyuzi 42 tu. Anayejifunza hafiki huko, kwa hiyo anaweza kuteleza msimu mzima bila kujua kwamba ana tatizo. Siku anapopata ujasiri wa kuegemea kweli, buti linaunyanyua ukingo kutoka kwenye theluji, na anajikuta amelala bila kuelewa kilichotokea. Kwenye theluji laini mambo hutokea mapema zaidi, kwa sababu ukingo unazama na buti linaufuata.

Upana si jambo geni lililozuliwa na wauzaji. Mwaka 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili, zile mbao nyembamba ambazo kila mguu huvaa wake, ubavu kwa ubavu ili binti zake wateleze wakiwa wamesimama. Ndiyo ikawa Snurfer, chombo kisicho na baindingi, chenye kamba ya kushikilia puani, yaani kwenye ncha ya mbele. Skii moja isingezitosha nyayo zilizokaa kwa mshazari. Ukitazama hivyo, chombo hiki kilizaliwa kama jibu la swali la upana.

Lakini kuna wanaokwenda mbali upande wa pili, nao wananisikitisha vilevile. "Chukua pana, uwe salama," ndiyo nasaha ya haraka inayotolewa kwa kila mwenye mguu unaokaribia kuwa mkubwa. Ubao ukiwa mpana kupita wayo, vidole na visigino vinabaki ndani, mbali na chuma. Ili kuuinua ukingo unatumia nguvu za kifundo badala ya uzito wa mwili, na kuhama kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kunachelewa. Kabla ya mchana misuli ya wayo na shavu la mguu inawaka. Mwenye mondo 26 aliyewekwa juu ya kiuno cha 26.5 ataambiwa hana mazoezi, na haitakuwa kweli.

Anayetaka kuona uhusiano wa pembe na upana ukifikishwa mwisho kabisa atazame mbio za slalomu kubwa sambamba, ambapo wawili hushuka pamoja ubavu kwa ubavu wakizunguka milingoti. Wale huvaa mabuti magumu na kugeuza miguu mbele kwa nyuzi 50 na zaidi, na mbao zao zina kiuno cha kama sentimita 20. Ester Ledecká wa Cheki alishinda dhahabu ya mbio hizo kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, siku chache baada ya kushinda dhahabu ya super-G, mbio za kasi za kushuka mlima kwa skii, kwenye michezo hiyohiyo. Ubao wake mwembamba ulikuwa sahihi kwa miguu iliyokaa vile. Wewe mwenye mabuti laini na nyuzi 15 ungeburuza vidole kwenye kona ya kwanza.

Nimechelewa kufika kwenye urefu, na nimefanya hivyo kwa makusudi.

Kanuni ya zamani inasema usimamishe ubao mbele yako. Ukifika kati ya kidevu na pua, unakufaa. Inafanya kazi mara nyingi kwa sababu moja tu: watu warefu kwa wastani ni wazito zaidi. Watu wawili wenye kimo cha sentimita 178, mmoja kilo 62 na mwingine 95, wakiifuata wataondoka na ubao mmoja, na angalau mmoja wao atateseka. Ubao ni chemchemi inayopinda chini ya mzigo. Mzito juu ya ubao mfupi na laini anaupinda kupita kiasi: pua inazama kwenye theluji laini, mkia unaponyoka kwenye kona za kasi. Mwepesi juu ya ubao mrefu anashindwa kuupinda kabisa, ule mbonyeo wa ubavuni hauingii kazini, na ubao unakwenda moja kwa moja wakati yeye anataka kona.

Kwa ubao wa kawaida wa matumizi mchanganyiko, majedwali mengi humweka mtu wa kilo 55 karibu na 145 hadi 150, wa kilo 70 karibu na 153 hadi 158, na wa kilo 90 karibu na 160 hadi 164. Hizo ni alama za kuanzia. Kila modeli ina jedwali lake la uzito, na hilo ndilo ninalolisoma kabla ya sifa zozote zilizoandikwa juu ya picha. Jipime ukiwa na nguo zako za theluji na begi kama unalibeba, kwa sababu kilo kadhaa zinaweza kukusogeza saizi moja. Ukijikuta ukingoni mwa kiwango, kumbuka kwamba aliye chini ya kiwango atauhisi ubao kuwa mgumu na thabiti, na aliye juu yake atauhisi ubao uleule kuwa laini na mwepesi kuchezea.

Ipo namba nyingine inayopuuzwa: urefu wa ukingo unaogusa theluji unapoulaza ubao. Mbao mbili za 156 zinaweza kupishana sentimita 5 au zaidi kwenye namba hii, kwa sababu moja ina pua na mkia mrefu ulioinuka. Wenye ukingo mrefu unaogusa hushika vizuri kwenye theluji ngumu na hutulia kwenye kasi; wenye ukingo mfupi huzunguka kirahisi. Mtu anayesema "nilikuwa na 156 na niliipenda, nipe 156 nyingine" anapaswa kulinganisha namba hii kwanza.

Utamu wa kazi hii, kwangu, uko pale uzito na mguu wa mtu vinapogombana. Nina rafiki wa kilo 92 mwenye mondo 26. Kila jedwali lilimpeleka kwenye 162, na kila 162 aliyoonyeshwa ilikuwa na kiuno cha zaidi ya 26, kwa sababu watengenezaji hupanua mbao kadiri zinavyorefuka wakidhani kila mzito ana mguu mkubwa. Tulishuka hadi 159 yenye kiuno cha 25.2, lakini tukachagua modeli ngumu zaidi ili ibebe uzito wake. Anaigeuza kwa urahisi ambao hakuwa ameujua kabla. Mwingine ni kinyume chake: kilo 64, mondo 30, miguu mirefu na mwili mwembamba. Ubao wa uzito wake ungekuwa 152 wenye kiuno cha chini ya 25, na angeburuza vidole mchana kutwa. Yeye alihitaji W, na kwa sababu upana unaongeza eneo na mara nyingi ugumu pia, tukapunguza urefu kufidia. Akachukua 149 pana. Urefu na upana si maamuzi mawili. Ukigusa kimoja, kingine kinasogea.

Wazo hilohilo likisukumwa zaidi ndilo lililozaa mbao fupi na pana za leo. Mizizi yake ni ya kale katika historia ya mchezo: Dimitrije Milovich alitengeneza mbao za Winterstick huko Utah, Marekani, miaka ya 1970 kwa ajili ya theluji laini yenye kina, baadhi zikiwa na mkia uliogawanyika, na Taro Tamai, mtengenezaji wa mbao za Gentemstick, amejenga kazi yake juu ya theluji ya Niseko, Hokkaido, huko Japani. Kinachoufanya ubao uelee kwenye theluji ya unga ni eneo, na eneo linaweza kutoka kwenye upana badala ya urefu. Modeli kama Warpig ya kampuni ya Ride zimeifanya fikra hiyo iwafikie watu wa kawaida. Unapunguza sentimita 5 au zaidi kutoka urefu uliouzoea. Mwenye mguu mkubwa mbao hizi zinampa faraja mara mbili. Mwenye mguu mdogo ninamsihi azijaribu kwanza kabla ya kununua, hasa kama siku zake nyingi ni za asubuhi zenye barafu, kwa sababu huko ubao wa aina hii hushika kwa shida na kubadili ukingo kwa uvivu.

Modeli naiweka mwisho, ingawa ndiyo inayouzwa kwanza. Ukiulaza ubao sakafuni, ule wa kemba huinuka katikati na kugusa karibu na pua na mkia. Ukiukandamiza unasukuma kurudi, na hapo ndipo unapotoka ushikaji na nguvu ya kuruka. Ule wa roka umeinuka kwenye ncha na unagusa katikati, kwa hiyo huzunguka bila ubishi na hauingizi ukingo kwenye theluji kwa bahati mbaya. Skate Banana ya Lib Tech, iliyotoka katikati ya miaka ya 2000, iliwafanya wengi waipende roka, na ilikuwa na ukingo wa mawimbi wa kusaidia ushikaji. Leo mbao nyingi ni mchanganyiko. Anayeanza anafaidika na mchanganyiko laini, ulio sawa pua kwa mkia, kwa sababu bado hajajua kama ataongoza kwa mguu wa kushoto au wa kulia kwa raha. Anayekata kona kwenye njia zilizosawazishwa apate kemba, ubao wenye pua ndefu kuliko mkia, na ugumu wa kati kwenda juu. Anayeishi kwenye miruko achukue ulio sawa kabisa pua kwa mkia, aushushe urefu kidogo. Na asiyejua anataka nini achukue ubao wa kati na kati. Custom ya Burton imekuwa sokoni tangu miaka ya 1990 kwa sababu watu hao ndio wengi.

Namba za ugumu, kutoka 1 hadi 10, zisilinganishwe kati ya kampuni na kampuni. Hakuna kipimo cha pamoja. 6 ya huyu inaweza kuwa 4 ya yule. Kuhusu uso wa chini nitasema machache: wa bei ya juu hunywa nta vizuri na kuteleza kwa kasi ukitunzwa, wa bei ya chini husamehe uzembe na hurekebishika kirahisi.

Wanawake wengi wenye mondo 26 na zaidi wameambiwa wabaki kwenye rafu ya wanawake, wakaburuza vidole kwenye kiuno cha 24. Wanaume wengi wembamba wenye mondo 25 hawajawahi kuambiwa kwamba ubao ulio sahihi zaidi kwao unaweza kuwa kwenye rafu hiyohiyo. Ubao unasoma uzito, wayo na pembe, basi. Kwa watoto nina ombi moja: msiwanunulie wa kukulia. Mtoto wa kilo 30 hawezi kuupinda ubao wa mtu wa kilo 45, na msimu ambao angejifunza kwa furaha unapita akivutwa na ubao asioumudu. Azimeni ubao au mkodi, mbadilishe mwakani.

Ubao ukishapatikana, funga baindingi kwenye alama za msimamo zilizopendekezwa, kisha hakikisha buti linatokeza sawasawa mbele na nyuma. Weka zulia chini, vaa mabuti, jifunge, mtu akushike mabega, uegemee polepole upande wa vidole mpaka buti liguse zulia, halafu urudie upande wa visigino. Pembe mbili hizo zikitofautiana sana, sogeza kikombe cha kisigino cha baindingi, au diski inayoifunga kwenye ubao, hadi zilingane. Zikilingana lakini buti linagusa mapema pande zote, ongeza pembe ya mguu kwa nyuzi 3 na ujaribu tena. Likiendelea kugusa, ubao ni mwembamba kwako, na ni heri ulijue hilo kabla chuma hakijakwaruzwa na duka lingali tayari kukubadilishia.